Jaketi la kuzamia lenye lebo ya "1680D" limeletwa mezani kwangu Majengo. Kabla hujanunua lako, angalia ndani

Fundi Turubai

Wakuu, salaam kutoka Dodoma.

Najua wa kwanza kujibu atauliza Dodoma na kuzamia baharini wapi na wapi. Haya, cheka kwanza halafu tuendelee. Mimi si mzamiaji. Kazi yangu ni cherehani, nipo Majengo, nashona maturubai ya malori, mahema ya sherehe, viti vya bajaji na mabegi. Ila tangu mji huu ujae watu wa kila mkoa, na treni ikawa inawashusha Dar kwa saa chache, meza yangu imeanza kupokea vitu ambavyo mzee wangu aliyenifundisha kazi hakuwahi kuviona. Miaka minne iliyopita mama mmoja mtumishi aliniletea jaketi la kuzamia, lile ambalo wenyewe wanaliita BCD, mkanda wa bega umechomoka. Nikalishona. Akaja mwenzake, naye akamleta mwenzake. Hadi leo yamepita mikononi mwangu kumi na moja, yote ya watu wanaoishi hapa na kwenda kuzamia Zanzibar au Mafia wakipata likizo.

Kwa asiyelijua, ni kizibao chenye mfuko wa hewa. Mzamiaji ana mtungi mgongoni na vipande vya madini ya risasi kiunoni vya kumvuta chini. Akibonyeza kitufe kimoja, hewa ya mtungi inaingia kwenye kizibao naye anakuwa mwepesi. Akibonyeza kingine hewa inatoka, anakuwa mzito. Akiwa juu ya maji anasubiri boti, hicho kizibao ndicho kinachomshikilia.

Jumatatu kijana mmoja kaja na jipya kabisa, kaliagiza mtandaoni, shilingi 240,000 pamoja na usafiri. Lebo kubwa kifuani: 1680D. Ananionyesha ile namba kama mtu anayetoa kitambulisho getini. "Fundi, hii si ndiyo ngumu kuliko zote?" Nikamwambia niachie usiku mmoja.

Nianze na hiyo namba maana ndiyo inayowaponza wengi. D ni denia, na denia ni uzito wa uzi tu. Chukua uzi wa mita 9,000, uweke kwenye mizani. Ukiwa na gramu 420, ni denia 420. Ukiwa na gramu 1,000, ni denia 1,000. Basi. Haikuambii uzi umefumwa kwa kubana au umeachiwa nafasi, haikuambii ni naironi au polista, na hasa haikuambii upande wa nyuma umepakwa nini. Majaketi mazuri niliyoshika mengi yalikuwa naironi ya 420 au 840, na machache naironi ngumu ya chapa ya Cordura ya 1,000. Hiyo 1680 ni kitambaa cha mabegi ya safari, mimi nakinunua kwa rola kwa kazi hiyo hiyo. Unene unakusaidia kwenye mikwaruzo, pale unaposugua ngazi ya boti au mwamba. Hewa haizuiwi na uzi. Chukua kitambaa chochote kilichofumwa, hata kiwe kigumu kama gunia la chuma, weka mdomo upulize: hewa inapita. Kinachoizuia ni utando wa plastiki uliogandishwa nyuma yake.

Huo utando ndio nataka tuuzungumze. Kwenye majaketi ya mfuko mmoja, kitambaa chenyewe ndiyo mfuko. Nyuma kimepakwa poliyurethani, ile tunayoita PU, kisha vipande viwili vinawekwa utando kwa utando na kubanwa kwa joto mpaka vinayeyukiana. Sindano haipiti pale. Kwenye ya mifuko miwili kuna ganda la nje lenye zipu, na ndani yake puto la PU peke yake, kama tyubu ndani ya tairi. La kwanza ni jepesi na linakauka haraka. La pili ni zito, lakini puto likitoboka unabadilisha puto, ganda linabaki. Ubaya wake ni mchanga: ukiingia kwenye zipu unakaa katikati ya ganda na puto, na kila ukivaa unasaga taratibu.

Nilivyolikagua la huyu kijana ni hivi. Nilifungua valvu ya kutolea hewa kwa mkono, maana nyingi zinafunguka kama kifuniko cha chupa, nikachungulia kwa tochi ya simu. Utando mzuri unang'aa sawasawa, ukiusugua kwa kidole ni laini na mkavu. Huu ulikuwa na ukungu kama kioo cha gari asubuhi ya mvua. Nikakunja pembe moja, nikabana kwa vidole, nikaachia: ukabaki mstari mweupe. Nikafuata ungio la joto kwa kidole kuzunguka jaketi zima. Mgongoni upana wake unakaribia sentimita moja, mzuri, umenyooka. Nikafika chini ya kwapa la kushoto, pale kitambaa kinapokata kona kali, upana ukawa milimita tatu. Nikaingiza ukucha. Ukaanza kuachia, kama bahasha iliyolambwa gundi kidogo.

Usiku saa tano nikalijaza mpaka valvu ya usalama ikapiga mluzi, nikalitundika kwenye kenchi. Saa kumi na moja alfajiri nimelikuta limenywea kama mfuko wa rambo. Nikalijaza tena, nikapaka povu la sabuni ya vyombo kwa brashi ya kunyolea. Mapovu yakawa yanachemka pale pale kwapani.

Sasa nitubu kidogo. Mwaka wangu wa pili na vitu hivi niliwahi kuletewa jaketi lenye kitobo cha ukubwa wa ncha ya pini. Nikajiona fundi, nikaweka kiraka kwa gundi ya viatu. Mezani kilishika siku tatu, nikala hela ya mtu. Mwenye jaketi akaenda nalo Zanzibar, akiwa juu ya maji pembeni ya boti kiraka kikafunguka, akashika ngazi. Alirudi akanisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nashona mikanda, mifuko ya pembeni na zipu za ganda tu, na kamwe sipitishi sindano ndani ya mstari wa ungio la joto. Mfuko wa hewa siugusi.

Hili nimeandika kwa upande wa kitambaa. Wenye uzoefu wa majini wanisahihishe.

Nusu Mkate

Dodoma na kuzamia wapi na wapi? 😂 Labda kwenye simtank la jirani.

Kijana wa Kikuyu Kusini

Nilijua tu. Sekunde 40 hazijapita.

Mtu wa Mtera

Maji yapo bwawa la Mtera, mkuu, mengi tu. Ila asije mtu kujaribia jaketi lake huku. Mamba na viboko hawasomi lebo. Halafu maji yenyewe ni ya udongo, ukinyoosha mkono huoni kiganja. Kule wanaingia watu wa kazi maalumu wenye vibali na ulinzi wao, si wa kupiga picha.

Fundi endelea, nimeweka kiti.

Mzamiaji wa Kilindoni

Nafundisha kuzamia mwaka wa 12 sasa, nipo Mafia. Sikutarajia kusoma habari za maungio ya BCD kutoka Dodoma, na sikutarajia kukubaliana nazo. Hongera fundi. Nina ya kuongeza na moja ya kukupinga.

Unalosema la utando ni kweli, ila umeacha kinachoua utando. Si maji peke yake. Ni joto pamoja na unyevu uliofungiwa. PU, hasa ya bei nafuu, inaoza kikemikali ikikaa na unyevunyevu kwenye joto: inakuwa nata, halafu inabanduka vipande. Watu wanasuuza nje, wanasahau ndani. Maji ya chumvi yanaingia kupitia bomba kila unapotoa hewa. Usiposuuza ndani kwa maji yasiyo na chumvi na kuyamwaga yote, chumvi inakaukia humo, na punje zake zinakwaruza. Kisha jaketi linakunjwa likiwa bichi, linafungwa kwenye begi, begi linakwenda juu ya kabati chini ya bati. Kwenu huko mwezi wa kumi na moja chini ya bati kuna joto gani? Jaketi la hivyo linaweza kuwa limezama mara sita tu maishani na likawa limekufa.

Namna ya kulijua: mimina maji ya uvuguvugu ndani lita mbili tatu, litikise, limwage kwenye beseni jeupe. Ukiona ngozingozi za plastiki zinaelea, usijadiliane bei.

Ninalokupinga ni kusema namba ya denia haina maana. Ina maana yake. Kwa wanafunzi wangu, wanaoburuza vifaa kwenye sakafu ya boti kila siku, denia 420 inachoka mapema, 1,000 inavumilia. Mtu anayesafiri kwa ndege na kuzamia wiki moja kwa mwaka hahitaji uzito huo. Namba inakuambia matumizi.

Na kubwa kuliko kitambaa: kitufe cha kujazia hewa. Jaketi linalovuja kwapani litakuchosha. Kitufe kinachonasa kikiwa kimebonyezwa kitakuumiza. Hewa inaendelea kuingia, unaanza kupanda, na kadiri unavyopanda hewa iliyomo inatanuka kwa sababu mgandamizo wa maji unapungua. Kutoka mita 10 hadi juu ya bahari ujazo unakuwa karibu mara mbili. Unakwenda juu kama kizibo. Ukiwa umebana pumzi, mapafu nayo yanatanuka hivyo hivyo. Kitufe kibonyeze mara hamsini dukani, taratibu, pembeni, katikati. Kirudi chenyewe kila mara, bila kusitasita.

Fundi Turubai

Kilindoni, shukrani sana, hilo la denia nimelipokea. Niliandika kwa hasira ya ile lebo.

La kitufe umenigusa kwa sababu ya vumbi la huku. Wawili kati ya wateja wangu walileta majaketi ambayo kitufe kilikuwa kinasaga, unasikia krii. Nilifungua kimoja (mwenyewe akiwa amesimama hapo): ndani kuna sindano yenye springi inayofanana kabisa na valvu ya tairi la gari. Nikashawishika kumwambia nunua ya tairi pale stendi kwa jero. Nikakumbuka gundi ya viatu, nikanyamaza.

Mzamiaji wa Kilindoni

Ulifanya la maana kunyamaza. Nyingi zinafanana kweli kwa umbo. Lakini hosi inayokuja pale inabeba hewa yenye mgandamizo wa bar 9 au 10 hivi, na springi yake imechaguliwa kwa maji ya chumvi. Ya tairi inaweza kuwa na chuma cha kushika kutu na mpira usiojulikana. Seti ya vipuri ya kitufe inauzwa na mtengenezaji, oringi, zile pete za mpira, zikiwemo. Apeleke kwa fundi wa vifaa vya kuzamia mara moja kwa mwaka, pamoja na regyuleta, kile kifaa cha kupumulia.

Mwalimu wa Zamu

Fundi, nafundisha fizikia sekondari hapa hapa mjini. Kipimo chako cha usiku mmoja kina mtego.

Mwezi huu jioni tuna nyuzi joto 30, alfajiri 16. Hewa ile ile iliyofungwa, ikipoa hivyo, inapungua karibu asilimia 5 bila kitobo chochote. Jaketi lililokuwa limekaza jioni utalikuta limelegea kidogo asubuhi, nawe utamwambia mtu linavuja. Na ukilijaza asubuhi ukalianika juani, valvu ya usalama itapumua yenyewe mchana, jioni utalikuta limelegea vilevile. La kijana lilinywea kabisa na mapovu yakaonekana, kwa hiyo hukumu yako ni sahihi. Lakini kwa jaketi la wasiwasi, lijaze alfajiri, lipime alfajiri ya kesho yake, ndani ya nyumba.

Na mtego mwingine wa kufurahisha: sisi tupo mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 88 ya ule wa Dar. Ukilijaza Dodoma, ukafunga kila kitu, ukapanda nalo treni, litashuka Dar limepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi. Si kitobo. Ni mlima tulioukalia bila kujua.

Ndiyo maana pia wazamiaji wana hesabu tofauti za kina na muda kwenye maziwa na mabwawa ya juu. Mtera yenyewe ni karibu mita 700. Hesabu za kawaida zimetengenezwa kwa usawa wa bahari, na ukivuka mita 300 tu unaambiwa ubadilishe.

Fundi Turubai

Mwalimu!! Kumbe lile jaketi la mwezi wa saba nililomrudishia yule daktari nikamwambia "linapumua kidogo" lilikuwa zima? Ngoja nimpigie simu.

Kuanzia leo nitalizungushia futi kamba kifuani, niandike sentimita na saa. Alfajiri kwa alfajiri.

Muuza Maboya

Fundi unaharibia watu biashara. Mimi nauza vifaa vya maji, vya PVC na vya PU. PVC unayoikimbia ndiyo hiyo hiyo ya maturubai yako ya malori, yanakaa juani miaka kumi barabara ya Singida. Kama lori linavumilia, mtu ataogopa nini?

Fundi Turubai

Mkuu wala sijaitaja PVC, umejileta mwenyewe. Lakini kwa kuwa umeifungulia mlango, tuongee, maana turubai la lori nalijua kuliko ninavyomjua shemeji yangu.

Turubai ni polista iliyopakwa PVC. Linavumilia, ndiyo. Sasa nikuulize, linaletwa kwangu limepasuka wapi? Halipasuki juu ambako jua linapiga siku nzima. Linapasuka kwenye mkunjo. Kila mahali utingo alipozoea kulikunja, palepale. PVC inakuwa laini kwa sababu imechanganywa na mafuta yake ya kuilainisha, na yale mafuta yanatoka kidogo kidogo kwa joto na miaka. Yakitoka inakauka, inakakamaa, inapasuka kwenye kona. Jaketi la kuzamia ni mikunjo mitupu: linakunjwa kwenye begi, linabanwa na mtungi, linakunjwa kwapani kila unapovuta mkono. Turubai likipasuka unafunika gunia la alizeti kwa namna nyingine. Humu unafunika nini?

Sisemi PVC ni uchafu. Kwa boya la kufunga kamba ya mtumbwi, nunua, linatosha na ni rahisi. Ila mteja aambiwe anachonunua.

Muuza Maboya

Sawa, hapo kwenye mkunjo umenikamata. Lakini bado bei ya PU nzuri wabongo wangapi wataimudu?

Dada wa Chang'ombe

Ndilo swali langu, kaka fundi. Mimi nimeanza kozi mwaka huu, jipya siliwezi. Kuna mtu ananiuzia la mtumba, kasema lilikuwa la shule moja nje, lilitumika "swimming pool tu, bahari halijawahi kuiona." Rangi imepauka kidogo lakini halina mkwaruzo. 150,000. Nichukue?

Fundi Turubai

Dada yangu, hiyo sentensi ya bwawa la kuogelea yeye anaitoa kama sifa. Kwangu ni onyo. Klorini inakula naironi na inapausha rangi. Kutokuwa na mkwaruzo si ajabu, bwawani atakwaruza nini? Shika kitambaa kilichopauka, vuta nyuzi za ukingoni kwa kucha. Zikikatika kama uzi wa mkeka mkavu, achana nalo.

Kama nyuzi zimepona, fuata bomba lile la mikunjomikunjo la begani. Livute lirefuke kama kinanda cha mkono, uchungulie katikati ya mikunjo. Mpira uliozeeka una nyufa nyembamba kama za kisigino wakati wa kiangazi, na zinaonekana ukiwa umevutwa tu. Bomba linabadilishika, ni la kupunguzia bei. Angalia na pale linapofungwa kwa ile tai ya plastiki ya kufungia nyaya: ncha yake ikiwa imekatwa ikabaki kali, imekuwa inachoma mfuko muda wote huo.

Mikanda nayo. Mkanda wa naironi unazama kwenye maji, wa polipropilini unaelea, maana ni mwepesi kuliko maji. Kata kipande cha sentimita moja kwenye mkia uliozidi, kikamulie ndani ya beseni mpaka hewa iishe, uone. Polipropilini kwenye jua letu inakuwa na unga unga na kukatika. Kwenye begi la shule si shida, begani kwako mtungi ukiwa umening'inia ni shida.

Klipu za plastiki zifunge ufungue mara ishirini. Nzuri inalia tak moja kavu, plastiki yake inateleza kama sabuni kavu. Hafifu inalia mbili, au ina weupe kwenye vijimeno, ujue imeanza kuvunjika. Zipu iwe ya meno ya plastiki.

Pete za chuma nilikuwa nazipima kwa sumaku ya spika mbovu. Ikishika kwa nguvu, si stenlesi ya maana.

Mzamiaji wa Kilindoni

Sumaku inakusaidia nusu. Inakamata chuma cha kawaida. Haitakutenganishia stenlesi ya 304 na ya 316, zote mbili zinaweza kukataa sumaku. Inayofaa baharini ni 316, ina molibdenamu ndani yake, inapambana na chumvi. Iliyo makini huchongwa namba yake. Isipochongwa, tazama madoa ya kahawia kwenye pembe na mahali ilipochomelewa.

Dada wa Chang'ombe, mimi nakuongezea swali moja la kumuuliza muuzaji: saizi yake na nguvu yake ya kunyanyua. Huandikwa kwa kilo au kwa nyutoni. Nyutoni 150 ni kama kilo 15. Jaketi la mtoto wa shule linaweza kuwa zima kabisa na lisikutoshe wewe na mtungi wako. Na lebo ya maana hutaja kiwango chenyewe, cha Ulaya ni EN 1809, si herufi mbili za CE zilizochapwa peke yake. Herufi mbili mtu yeyote anazichapa.

Nusu Mkate

Samahani nilianza kwa utani, sasa nauliza kweli. Si bora mtu achukue tu jaketi okozi la kwenye boti ya Zanzibar? Yale ya rangi ya chungwa. Bei chini na yanaelea.

Mzamiaji wa Kilindoni

Ndugu yangu, hayo yanaelea daima, ndiyo kazi yake. Huwezi kuzamia nayo, maana huwezi kuyapunguzia nguvu ya kuelea. Na kinyume chake pia wajue wasomaji: BCD si jaketi okozi. Jaketi okozi limeundwa likugeuze uso juu hata ukizimia. BCD nyingi zitakuacha ulivyo, pengine kifudifudi. Asije mtu akampa mtoto avae kwenye mtumbwi huko bwawa la Hombolo akidhani amemlinda.

Mtu wa Mtera

Hili lingepaswa kuwa juu kabisa ya uzi huu wa majadiliano.

Dada wa Chang'ombe

Nimekwenda kuliona leo jioni, Sabasaba, na beseni langu jeupe. Muuzaji kanishangaa. Nyuzi hazikukatika. Nikamwaga maji ndani, nikatikisa, nikamimina. Kaka fundi, yalitoka kama maji ya kuoshea dagaa, magamba matupu, ya njano. Muuzaji akasema ni uchafu wa dukani. Nikamwachia maji yake.

Kwa hiyo nitaendelea kukodi kule kule kwenye kozi hadi nipate hela.

Mzamiaji wa Kilindoni

Kukodi si aibu. Ila hata la kukodi kagua. Kitufe, bomba, valvu, klipu. Dakika tatu. Ukiona kituo kinakasirika unakagua, badilisha kituo.

Na ukienda bahari baada ya kujifunzia bwawani, usishangae unaelea zaidi. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia mbili na nusu hivi. Wewe na vifaa vyako mkiwa kilo 100, unahitaji kilo mbili na nusu za risasi zaidi. Wengi wanalaumu jaketi kwa hilo.

Kijana wa Kikuyu Kusini

Mleta uzi, yule kijana wa 240,000 ikawaje? Usituache njiani.

Fundi Turubai

Alikuja Alhamisi. Nilimwonyesha mapovu, akaweka kidole mwenyewe juu ya kona ile, akasikia upepo. Akaandika kwa muuzaji, akajibiwa picha zinahitajika, akatuma, akajibiwa subiri. Bado anasubiri. Jana kaniambia: fundi, hata wakinirudishia, hili sitaki mtu mwingine alivae, likate.

Nikachukua mkasi. Nilikata kuanzia kwapani kwa sababu nilitaka kuona. Kwenye ile kona utando wa upande mmoja ulikuwa haujayeyuka kabisa, umebaki na mng'ao wake kama siku ulipopakwa, na alama ya vidole vya mtu aliyeushika kiwandani ipo, imehifadhiwa vizuri. Mahali pengine pote nilivuta kwa koleo mpaka kitambaa kikachanika kabla ya ungio. Yaani kazi ilikuwa nzuri mgongo mzima, ikaharibika sehemu isiyozidi urefu wa kidole gumba.

Kitambaa chenyewe kweli ni 1680, kinene, kimefumwa kwa kubana, sikuweza kukipitisha sindano namba 18, nikaweka 21. Nimemshonea mifuko miwili ya kuning'iniza kwenye pikipiki yake, zipu zile zile, klipu zile zile, na mikanda nimebadilisha kwa sababu ilielea. Ameondoka nayo Bahi leo asubuhi, na mchele wa kurudi nao.

Dada wa Chang'ombe

Kaka fundi, mifuko kama hiyo bei gani? Nina baiskeli.

Fundi Turubai

Njoo Majengo na beseni lako, tutaelewana.